Mafungu Matano ya Muscat

Nyumba yetu ya Jang'ombe, mjini Zanzibar, tuliinunua kwa mdomo mwisho wa 2019. Bei tulielewana barazani kwao, ikasomwa Fatiha, mume wangu akatoa arubuni mbele ya mashahidi, na sote tukaamini Ramadhani ya 2020 tutaifunga ndani. Wauzaji nao waliamini hivyo hivyo. Mpaka leo sina la kuwalaumu kwa nia zao. Tatizo ni kuwa mwenye nyumba, yule ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kwenye karatasi, alikuwa amefariki tangu 1986.

Mzee yule aliacha mke, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike, na nyumba haikugawiwa. Wangeigawaje? Mama yao yumo ndani, anapika, anapokea wageni. Nani angethubutu kusimama ukumbini kusema anataka haki yake? Mama alipofariki 1999, binti mkubwa, ambaye sote tukimwita Bi Mkubwa, akabaki chumba cha mbele, na vyumba vya uani vikapangishwa vijana waliokuja mjini kusoma. Mwaka 2011 kaka yao mkubwa akafia Muscat, Omani. Vifo vitatu, na hapana mirathi hata moja iliyofunguliwa. Nyumba za namna hii zimejaa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, kuliko watu wanavyokiri. Ukipita ukaona nyumba nzuri imeachwa bati linaoza, mara nyingi si umasikini, ni warithi.

Dalali alitwambia mambo hayo yanamalizwa kwa sheha, mkuu wa shehia yetu. Tukenda. Sheha akatuandikia barua, kisha yeye mwenyewe akatushauri tutafute wakili. Wakili tuliyempata alikuwa binti mdogo kuliko mimi, mwenye sauti ya chini, na kwa dakika ya kwanza mume wangu alikuwa akiniangalia kwa jicho la "huyu kweli?" Akaisoma karatasi yetu ya mauziano, akazipitia saini moja moja kwa ncha ya kalamu, kisha akauliza, "Dada, hawa ni warithi wote, au ni wale waliokuwapo barazani siku hiyo?"

Walikuwa wale waliokuwapo barazani.

Akaiandika upya. Bei isibadilike hata mambo yakichukua muda gani. Arubuni irudi kamili iwapo mirathi itakwama. Pesa iliyobaki itoke siku warithi wote watakapokuwa wametia saini, wenyewe au mawakala wao. Kaka yao mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa mbele kwenye biashara, alinuna kidogo kwenye huo mstari wa bei, lakini Bi Mkubwa alisema, "Tia saini, mwanangu, tushasoma Fatiha," akatia.

Kisha vyeti. Cha baba yao hakikuwapo kabisa. Ikabidi watafutwe wazee wawili waliomzika, mmoja tukamfuata mpaka Makunduchi, waje waseme mbele ya kadhi kuwa wanamjua na walikuwapo. Cha mama kilipatikana ndani ya kasha, kimekunjwa pamoja na kadi za kliniki za watoto. Cha kaka wa Muscat kilikuja kwa simu, picha ya karatasi ya Kiarabu. Kadhi akakisoma palepale kama asomavyo gazeti, lakini afisi nyengine iliyofuata ikakataa kukipokea mpaka kitafsiriwe kwa Kiswahili na tafsiri igongwe muhuri, na aliyetafsiri akatukalisha wiki kadhaa kwa mistari isiyojaa nusu ukurasa.

Siku ya kugawa ndiyo niliyoipenda, na nasema hivi nikijua mume wangu aliichukia. Mimi nafundisha hesabu skuli ya sekondari, na sikuwahi kuona sehemu zikifanya kazi mbele yangu vile. Kadhi alichukua karatasi tupu akaanza na mzee wa 1986. Mke wake thumuni, yaani moja ya nane. Zilizobaki thumuni saba ni za watoto, wa kiume mawili wa kike moja, kwa hivyo kila binti akapata thumuni moja na kila mwanamme mbili. Akaja kwa mama, 1999: thumuni yake ikawarudia watoto wale wale, na nyumba nzima ikawa mafungu saba, mawili mawili kwa wa kiume, moja moja kwa wa kike. Hadi hapo mtoto wa skuli ya msingi angefuata.

Halafu kaka wa 2011. Ameacha mke na binti mmoja. Mafungu yake ni mawili kati ya saba. Mke achukue thumuni ya hayo, binti nusu, na baki iende kwa ndugu zake. Kadhi akazidisha, saba ikawa 28. Katika 28 marehemu ana manane: mjane moja, binti manne, yakabaki matatu. Na ndugu ni mwanamme mmoja, anayehesabiwa wawili, na wanawake watatu, jumla watano. Matatu kwa watano hayagawiki. Niliona kabla hajasema. Nikamwambia, "Sheikh, zidisha kwa tano." Akaniangalia juu ya miwani, akacheka, akazidisha.

Nyumba ya vyumba vitano ikawa mafungu 140. Kaka mdogo 46. Kila dada 23. Binti wa marehemu 20. Mjane, mafungu 5.

Mume wangu akanong'ona tuzidishe bei kidogo wengine watuuzie mafungu yao, hayo matano tuyaache. Wakili akamjibu kwa heshima kuwa basi atakuwa mshirika wa nyumba moja na mwanamke wa Muscat asiyemjua, na watoto wa mwanamke huyo baada yake. Ikaishia hapo.

Mjane alikuwa akikaa Mutrah, huko huko Muscat, na alisema atakuja mwenyewe mwezi wa Shaaban, atie saini, azuru kaburi la wakwe zake, arudi. Tiketi alikata. Mwisho wa Machi 2020 Omani ikafunga safari za ndege, kisha Muscat yenyewe ikafungiwa, Mutrah watu hawatoki. Huku kwetu skuli zilikuwa zimeshafungwa. Kazi yangu ikawa kukaa nyumba ya kupanga Kwamtipura nikisikiliza mwenye nyumba akipima madirisha, kwa sababu mwanawe anaoa na anataka tuhame. Tulimwomba mpaka baada ya Idi. Akakubali, lakini mapazia ya mkwe wake yakaanza kushonwa kwa vipimo vyetu.

Habari zilifika Jang'ombe. Kaka mdogo akaja na funguo. Akasema si vizuri watu kuhangaika na nyumba ipo. Tuhamie tu, tulipe kilichobaki siku karatasi zitakapotoka. Ramadhani ilikuwa mlangoni, na nakiri moyo uliruka. Mume wangu alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya kirikuu. Mimi nikampigia wakili. Hakunikataza, aliniuliza maswali tu: mukishahamia mutatia vigae? Mutabadilisha bati? Na huyo mjane akisema hauzi, vigae mutaving'oa? Usiku ule mimi na mume wangu tulizungumza mpaka karibu na alfajiri, na si mazungumzo yote yalikuwa mazuri. Asubuhi funguo zikarudi kwa Bi Mkubwa, na sisi tukahamia kwa mama yangu Kiembesamaki, chumba kimoja, friji ukumbini, makabati kwa shemeji. Nasikia watu wakisema kaa kwanza, karatasi zitakuja. Wako waliokaa na zikaja. Mimi sijawahi kulijutia lile la kurudisha funguo, hata siku ambazo mama alikuwa akiniamsha kuuliza nani kahamisha kinu chake.

Pesa nayo ilikuwa mtihani. Watu wote walijua tuna pesa ya nyumba na nyumba hatujapata, na pesa ikikaa hivyo kila mtu huiona imekaa bure. Mjomba alitaka mtaji wa boti. Binamu alitaka ya harusi, kwa muda tu. Tukawa tunajibu kuwa iko kwa wakili, jambo ambalo halikuwa kweli, ilikuwa benki. Ila fungu langu mimi halikuwa benki. Lilikuwa bangili, za mahari na nilizonunua moja moja kwa mishahara na michezo ya kupeana, na nilishasema sitaziuza mpaka siku ya kulipa. Mama aliona ujinga. Lakini mwaka ule dhahabu ilipanda duniani kote, Agosti ikapita dola 2,000 kwa wakia, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Sonara wa mjini aliponipimia mara ya pili nilimtaka arudie.

Ucheleweshaji ule ule uliokula shilingi za mume wangu ulikuwa ukizinenepesha bangili zangu. Hilo sikulisema nyumbani wakati ule.

Mjane wakati huo alikuwa kimya. Kila tukiuliza tunaambiwa ndege, ndege. Lakini karatasi ya uwakala haihitaji ndege. Tanzania ina ubalozi Muscat, na mji uliposhafunguliwa angeweza kutia saini kule ikagongwa muhuri na kuletwa. Wakili alikuwa ameshaipeleka rasimu. Mwisho Bi Mkubwa akanipa namba, akasema, "Mpigie wewe, mwanamke kwa mwanamke." Nilimwandikia kwanza kujitambulisha. Alinijibu kwa sauti, ujumbe mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja kabisa. Aliniuliza kisima cha uani bado kina maji? Mume wake akikisifu. Kisha akasema, "Sikukataa kuuza, mdogo wangu. Lakini rasimu imeandikwa nimpe uwakala shemeji yangu. Shemeji yangu sitompa saini yangu. Nandikeni nimpe Bi Mkubwa."

Kumbe ndilo hilo tu. Kulikuwa na jambo baina yao tangu matanga ya 2011, na hakuna aliyetaka kulitamka mbele ya wanunuzi. Ndege zikawa kisingizio cha heshima kwa wote. Wakili akabadilisha jina moja, kwenye karatasi ya mjane na ya binti yake, ambaye naye ni mtu mzima na lazima atie saini yake mwenyewe. Safari zilipofunguliwa Oktoba, mtu akaja na bahasha. Uchaguzi ukapita, mambo yakasimama, yakaendelea.

Baada ya hapo ikabaki serikali, ambayo angalau haina matanga. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, ndivyo Sheria Namba 12 ya 1992 inavyosema. Mtu hununua nyumba na haki ya kuitumia ardhi iliyo chini yake. Na Sheria ya Uhamisho wa Ardhi ya 1994 inataka uhamisho upite mbele ya Bodi ya Uhamisho wa Ardhi. Mpimaji alikuja na mkanda, akaandika mipaka, na Bi Mkubwa akamfuata nyuma akimwambia aandike na mlimao, kwa sababu kwetu mti unaweza kuwa wa mtu na ardhi ya mwengine, na yeye hakutaka mtu aje kesho kudai malimau. Mlimao ukaandikwa. Tukawa tunakaribia. Februari 2021 alifariki Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, mji ukaenda msibani, tukangoja tena.

Kisha rasimu ya mwisho ya hati ikatoka. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye meza ya karani. Warithi wote wamo, mlimao umo, mnunuzi ni mume wangu. Nikaugeuza ukurasa kutafuta jina langu nyuma.

"Mimi niko wapi?" nikauliza.

Karani akasema ndivyo inavyoandikwa kawaida, mume anatosha, na kubadilisha sasa ni kuanza hatua mbili nyuma. Akaitaja hiyo "hatua mbili" kwa sauti ya mtu anayemhurumia mgonjwa. Mume wangu aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikamkumbusha bangili, kwa upole, kwa hesabu, na za sonara wakati huu nikazitaja zote. Nikamwambia nimekaa mwaka mzima natazama watu wakitafutana baharini kwa sababu ya mafungu matano. Yangu mimi ni zaidi ya nusu, na yataandikwa yakiwa sote tuko hai na tunasalimiana.

Akanyanyuka. "Mwandike," akamwambia karani. Halafu, pole pole, "Mwandike wa mwanzo, basi, kama ni zaidi ya nusu."

Wakili alichukua faili akarudi nalo. Mimi nikampigia simu Bi Mkubwa kumwambia tutachelewa, na safari hii ni sisi. Hata hakuuliza kwa nini. Alisema ni kheri, maana alikuwa akijiuliza vunja jungu la mwaka huu, ile karamu ya kabla ya Ramadhani, atalifanyia wapi. Basi watalifanya hapo hapo uani, na sisi tuje. Ila nazi tulete sisi, kwani nyumba karibu itakuwa yetu.