Usafi wa Chumba cha Kulelea Paka wa Wasafiri

Kila inapokaribia Desemba, familia nyingi za Dar es Salaam hujiandaa kwa safari ya Moshi, Bukoba au Tanga, na swali la nani atabaki na paka huja kuulizwa siku chache tu kabla ya kupanda basi. Mimi hupokea paka wa namna hiyo nyumbani, katika chumba nilichokitenga kwa kazi hiyo, na muda wangu mwingi hauishii kwenye kulisha wala kubembeleza, bali kwenye kuhakikisha kwamba ugonjwa wa paka mmoja haumfikii mwenzake. Mwenye paka ana haki ya kujua kazi hiyo inafanywaje, na anayempokea ana wajibu wa kuifanya hata siku ambayo hakuna anayemtazama.

Hatari kubwa haiko kwenye uchafu unaoonekana. Paka mwenye manyoya yanayong'aa anaweza kuwa na kirusi cha hepesi ya paka alichokipata utotoni, ambacho hukaa mwilini kimya mpaka msongo wa safari na ugeni wa mahali ukiamshe. Kwa kawaida paka huyo huanza kukisambaza takriban wiki moja baada ya kufika, kwa chafya, makamasi na machozi, na ndiyo sababu mafua huweza kuzuka wakati mlezi ameshaanza kuridhika kwamba wageni wake wote ni wazima. Kwangu mimi, basi, utulivu wa paka ni sehemu ya afya yake: kila mmoja anakuwa na kizimba chake chenye boksi la kujifichia, na naomba aje na kitambaa anachokilalia kwao, bila kufuliwa, ili asipoteze harufu anayoijua. Paka wa nyumba mbili tofauti hawachangii bakuli, hawachangii beseni la choo, na hawaachiwi kucheza pamoja, hata kama wenyewe wanaonekana kupatana.

Sipokei paka asiye na kadi ya chanjo. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mjadala, kwa sababu ugonjwa huo ukishaonyesha dalili hauponi, kwa paka wala kwa binadamu. Chanjo nyingine ni ile inayokinga mafua makali ya paka pamoja na panlukopenia, ugonjwa unaoangusha chembe nyeupe za damu na kuua watoto wa paka kwa haraka sana. Ni vizuri ikamilike angalau wiki mbili kabla ya safari, maana mwili unahitaji muda wa kujenga kinga. Sindano inayochomwa asubuhi ya kuondoka haimsaidii paka anayelala ugenini jioni hiyo.

Kirusi cha panlukopenia ndicho kilichonifundisha kuheshimu ndoo na brashi. Kinaweza kukaa sakafuni au kwenye kizimba kwa muda wa hata mwaka mzima, na sabuni peke yake haikiui, wala dawa nyingi za kunukiza sakafu. Kinachokiua, na kinachopatikana katika kila duka la mtaani, ni ile dawa ya madoa yenye klorini ambayo wengi tunaiita jiki. Soma nguvu iliyoandikwa kwenye chupa: yenye asilimia 3.5 naichanganya mililita 50 kwa lita moja ya maji, na yenye asilimia 5 mililita 30 zinatosha. Kwanza, hata hivyo, nasugua kwa maji na sabuni mpaka kinyesi, manyoya na mabaki ya chakula yaishe, kwa sababu klorini ikikutana na uchafu huishiwa nguvu kabla ya kuwafikia virusi. Mkojo nao lazima usuuzwe kabisa, kwani ukichanganyika na klorini hutoa hewa yenye sumu. Baada ya hapo dawa inaachwa imelowanisha sehemu hiyo kwa dakika 10, kisha nasuuza, nakausha na kufungua madirisha kabla ya paka kurudishwa. Mchanganyiko wa jana hautumiki leo.

Dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa maji hazifai kabisa. Nyingi zina fenoli, na ini la paka haliwezi kuivunja sumu hiyo. Paka akikanyaga sakafu yenye unyevu wake kisha akalamba miguu, tayari ameinywa. Hali ni hiyo hiyo kwa parasetamoli, ambayo kidonge kimoja kinatosha kumuua, na kwa dawa za viroboto zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, zenye sumu ya wadudu iitwayo pamethrini. Kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu viroboto huzaliana mwaka mzima na kusambaza minyoo aina ya tegu, kwa hiyo naomba kila paka awekewe dawa ya viroboto iliyotengenezwa kwa ajili ya paka, kwa ushauri wa daktari wa mifugo, kabla ya kuletwa.

Hata chumba kikiwa safi namna gani, mikono yangu ndiyo njia fupi zaidi ya ugonjwa. Naanza kuhudumia watoto wa paka, kisha paka wakubwa walio wazima, na namalizia kwa yeyote mwenye chafya, tongotongo au kipara cha mviringo kwenye manyoya, ambaye huenda ana choa. Huyo wa mwisho ana chumba chake, na mimi nina ndala na nguo za kuingilia humo tu, kwani choa kinawapata watu pia. Kati ya kizimba na kizimba nanawa kwa sabuni.

Mabeseni ya choo husafishwa kila siku bila kuruka. Mayai ya toksoplasma, kimelea cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, hayaambukizi mara yanapotoka kwenye kinyesi. Yanahitaji siku 1 hadi 5 ili yakomae, na kuzoa kila siku kunayaondoa kabla hayajafika hapo. Hata hivyo mjamzito hapewi kazi hii.

Naandika kila siku nani amekula, nani amekojoa na kinyesi kilikuwaje. Paka, hasa mnene, akigoma kula kwa siku mbili au tatu anaweza kupata ugonjwa wa ini kujaa mafuta, na dume anayechuchumaa mara kwa mara bila mkojo kutoka anapelekwa kwa daktari saa hiyo hiyo, kwa sababu kuziba kwa njia ya mkojo huua ndani ya siku chache. Ndiyo maana namba ya simu ya mwenyewe peke yake hainitoshi. Nataka jina la daktari wake na ruhusa ya maandishi ya kumtibu, maana simu inaweza kukosa mtandao kijijini.

Mwenye paka anaporudi namkabidhi daftari hilo pamoja na mnyama wake, na kumwomba amtenge na paka wengine wa nyumbani kwa siku 14, huku akitazama kama kuna chafya, kutapika, kuharisha au kukataa chakula. Akiona lolote kati ya hayo ampeleke kwa daktari, kisha anijulishe siku hiyo hiyo, ili niwape habari wenye paka wote waliokuwa chumbani pamoja naye.