Gesi ninayo, lakini majini haikai

Tangi langu la kioo la samaki na mimea ya majini ni la lita 80, liko sebuleni kwetu Kiembesamaki, Unguja. Vallisneria, mimea yenye majani marefu kama utepe, zilistawi tangu mwanzo, kwa sababu zinaweza kujichumia kaboni kwenye haya maji yetu ya chokaa, yanayolifanya birika liote magamba meupe. Ludwigia, mmea mwengine wa majini, ndiyo iliyoninyima raha. Nilitaka iwe nyekundu, ikabaki rangi ya jani kavu, na majani ya chini yakawa yanapukutika kila siku.

Nikatengeneza hewa ya ukaa (CO2), ile gesi ambayo mimea huitumia kupata kaboni, kwa chupa ya soda ya lita moja na nusu, sukari na hamira. Mfuniko ulinitesa. Gundi haishiki kabisa kwenye ile plastiki, kila nikibandika inabanduka. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo kuliko ule mpira wa kupitishia gesi, kuukata mpira ncha mshazari, kisha kuuvuta kwa koleo mpaka upite. Unajibana wenyewe, hakuna gundi. Mpira ni wa dripu, mpya, wa duka la dawa. Lile gurudumu lake la kubana litoeni kabisa, maana mkilifunga kwa bahati mbaya chupa itapasuka.

Gesi ikaja, nikaitoa kwa jiwe la hewa, lile la vitundu la kutolea viputo tangini. Viputo vinatoka vikubwa kama punje za choroko, vinapanda sentimita 40 ndani ya sekunde mbili, vinapasuka juu. Wiki tatu Ludwigia haijabadilika. Kila niliyemuuliza ananiambia, "Ongeza hamira, sheikh!"

Nikaongeza. Ilikuwa Ijumaa, jua kali, chupa iko dirishani. Nilitia kijiko kizima cha chai, nikaenda msikitini. Narudi, nyumba nzima inanuka unga uliochacha. Povu la hudhurungi limepanda chupa, limepita mpirani, limeingia tangini. Maji yamekuwa meupe kama tui jepesi, na magapi, samaki wangu wadogo, wote wako juu, midomo wazi, wanahema. Nilibadilisha nusu ya maji kwa yale niliyokuwa nimeyaweka kwenye ndoo, nikaliunganisha jiwe la hewa kwenye pampu yake ya hewa ya kawaida. Kufika Alasiri wakaanza kushuka. Wawili walikufa, na mpaka leo inaniuma.

Mama, ambaye mkate wake wa kumimina wa Ramadhani majirani wanauulizia, aliitazama ile chupa tu. "Mwanangu, kwa joto hili hamira haiongezwi. Ukizidisha inapanda kwa pupa, halafu inakufa." Sasa natia robo kijiko cha chai kwa vikombe viwili vya sukari, maji ya vuguvugu, na chupa inakaa kivulini. Katikati nimeweka chupa nyengine tupu ya kukamata povu.

Lakini hapo bado viputo vilikuwa vikubwa. Gesi haikuwa kidogo, ilikuwa inakimbia kabla haijayeyuka, na kiputo kikiwa kidogo maji yanapata nafasi kubwa zaidi ya kukigusa. Siku moja nikawa nimeshika kipande cha henzerani kilichokatika kwenye kiti cha zamani. Kwenye mkato wake kuna vitundu vingi, na nilipokipuliza upande mmoja huku mwengine umo kwenye glasi ya maji, vikatoka viputo vyembamba. Nilipiga kelele mpaka watoto wakaja! Nikakata kama sentimita tatu, nikakikaza kwenye ncha ya mpira, nikakiweka chini ya mdomo wa pampu ya chujio, pale inapovuta maji. Pampu inavimeza viputo, panga lake linavisaga, vinatoka kama vumbi na kusambaa mpaka kioo cha upande wa pili. Pampu ikianza kuguruma, ujue imejaa gesi. Isogeze henzerani pembeni kidogo. Baada ya wiki chache kipande kinajaa utelezi, nakata kipya.

Gharama zote, ukiiacha pampu niliyokuwa nayo, sidhani kama zilifika shilingi elfu kumi.

Magharibi nikizima taa nautoa mpira nje ya maji, nauning'iniza juu ya ukingo. Bila mwanga mimea haiitumii ile gesi, na yenyewe inavuta oksijeni pamoja na samaki. Asubuhi naurudisha.

Jana saa kumi jioni, jani moja la juu la Ludwigia lilikuwa limejaa vitone vya oksijeni upande wa chini, vimepangana kama shanga, kimoja kinaachia na kupanda, chengine kinakuja nyuma yake. Na lile jani ni jekundu.