Mionzi kwanza, dawa baadaye: nilivyotibiwa uvimbe wa nadra wa ubongo

Majibu ya sampuli waliyoitoa kwenye upasuaji yalirudi na jina refu: oligodendroglioma, saratani ya ubongo, daraja la 3. Daktari wangu hapa Uingereza aliniambia kilichompa moyo ni kwamba seli za uvimbe zilikuwa zimepoteza kipande cha kromosomu ya 1 na cha kromosomu ya 19. Uvimbe wa namna hiyo husikia dawa.

Nilimuuliza kwa nini tusifanye kimoja tu, mionzi au dawa, maana niliogopa mwili kubebeshwa vyote viwili. Akanieleza utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 2013. Kwa wagonjwa wenye uvimbe kama wangu, nusu ya waliopata mionzi peke yake walikuwa bado hai baada ya miaka 7.3, kwa waliopata mionzi na dawa, ilikuwa miaka 14.7. Utafiti wa Ulaya wa mwaka huohuo, uliotanguliza mionzi, ulielekea palepale. Nilikubali.

Mionzi haiumi, inachosha. Kipimo kilichotumika kwenye utafiti wa Ulaya ni Gy (grei, kizio cha mionzi) 59.4, kikigawanywa mara 33, Jumatatu hadi Ijumaa. Unalala chali, unavishwa barakoa ya plastiki yenye matundu iliyofinyangwa kwa uso wako, kisha inabanwa mezani ili kichwa kisisogee. Nilikuwa nasoma Yasin kimoyomoyo, na kila siku mashine ilimaliza kabla yangu.

Kazi kubwa ilikuwa dawa, tena ni tatu. Siku ya 1 ya mzunguko unameza lomustini. Siku ya 8 na ya 29 unachomwa vinkristini kwenye mshipa. Kuanzia siku ya 8 hadi ya 21 unameza prokabazini, na hii ndiyo iliyoingia jikoni kwetu. Huzuia mwili kuvunja tairamini, kemikali iliyojaa kwenye vyakula vilivyokaa: jibini kuukuu, mchuzi wa soya, samaki wa kukaushwa. Ukivila, presha inaweza kupanda ghafla. Mimi ni mtu wa Tanga, na mama alikuwa ameshanitumia ng'onda na papa. Mke wangu alivifunga akawapa majirani.

"Sasa mwanangu utakula nini?" mama aliuliza kwenye simu.

"Samaki mbichi, mama. Wa siku hiyohiyo."

Lomustini huchelewa kushusha chembe za damu: hupungua kati ya wiki ya 4 na ya 6, ndiyo maana mzunguko mmoja ni wiki 6. Mara moja chembe za kugandisha damu zilikuwa chini, tukasubiri zipande. Kipimajoto kilikaa kando ya kitanda, kwa sababu chembe zikiwa chini homa ni hatari: ikifika nyuzi 38 unapiga simu hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane. Usianze kwa kumeza panadol, maana itaficha homa. Na ncha za vidole zilipokufa ganzi hadi nikashindwa kufunga vifungo vya shati, nilimwambia muuguzi bila kusubiri miadi. Vinkristini ikaondolewa, nikaendelea na mbili zilizobaki.

Sasa napigwa picha ya ubongo ya MRI kila baada ya miezi kadhaa. Kipande cha uvimbe kilichoachwa kwenye upasuaji hakijakua. Dawa ya kifafa, ambacho uvimbe wa ubongo huweza kukileta, bado naitumia, asubuhi na jioni.