Ulimi wa mkaanga samaki ndani ya meli ya kitalii

Mimi ni mkaanga samaki. Nimesimama mbele ya karai hapa Kisumu miaka kumi na tisa, na mteja akiketi tu najua kama ataagiza ngege mzima au atauliza bei aondoke. Kwa hiyo chama chetu kilipopandwa na wazimu wa kwenda kustarehe kwenye meli ya kitalii, nilijipa kazi: nionje kila kitu, nitazame kila kitu, nirudi na hukumu. Meli niliyoijua mpaka siku hiyo ilikuwa feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita, ambako burudani ni mhubiri na chakula ni karanga.

Tulichagua Durban kwa sababu tangu 2023 Mkenya haombi viza ya Afrika Kusini. Kadi ya manjano ya chanjo lakini usiiache. Mwenzetu mmoja aliisahau kabatini, ikabidi kaka yake aikimbize uwanja wa ndege kwa bodaboda huku sisi tukimtukana kimoyomoyo. Usiku nne, kutoka Durban hadi Kisiwa cha Wareno upande wa Msumbiji na kurudi. Bei usinibane, tulichanga miaka miwili kidogo kidogo, na najua tu kwamba ndege ilikula pesa kuliko meli yenyewe.

Kabla hatujaondoka, kila mtu mtaani aligeuka mtaalamu wa bahari. Mama mmoja wa soko la Kibuye, ambaye hata Mbita hajavuka, aliniapia kwamba chakula cha meli ni cha wagonjwa: hakina chumvi, wali ni wa kulamba, na ugali hawaujui. "Beba unga wako, dada, ama utarudi umebaki nguo tu." Nikamwamini. Nikafunga unga kilo mbili, sufuria ndogo, mwiko, na ile hita ya koili ya kuchemshia maji ya kuoga.

Mizigo ikapita kwenye mashine bandarini, na kijana wa usalama akaniita kando. Akaitoa hita kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya. Kumbe vitu vya kupasha moto haviruhusiwi vyumbani, hata pasi, hata birika, kwa sababu ya moto. Hilo sikubishana nalo, maana meli ikiwaka moto katikati ya bahari utakimbilia wapi? Wakaichukua, wakanipa karatasi ya kuidai siku ya kushuka. Tatizo likawa mwiko. Aliugeuza, akaugongagonga mezani, akauliza ni wa kazi gani. Kiingereza kikanikauka. Nikamwonyesha kwa vitendo: nikasimama nikisonga ugali hewani, miguu nimeitanua, jasho linanitoka, na foleni nzima nyuma yangu ikicheka mpaka wengine wakaweka mabegi chini. Mwiko nikaachiwa. Ukalala kabatini siku zote pamoja na unga, kama maharusi.

Sasa chakula. Siku ya kwanza nilikula bafe ya ghorofa ya juu kijinga: nilipanga foleni saa sita kamili na abiria wote, nikajaza sahani mlima. Mayai ya kuvuruga yalikuwa yamekaa kwenye sinia mpaka yakatoa maji. Soseji zilikuwa na ladha ya karatasi. Nikaanza kumkumbuka yule mama wa Kibuye kwa heshima.

Kesho yake nikarudiwa na akili zangu za kazi. Nilikaa meza iliyo karibu na pale wahudumu wanaporudisha sahani chafu, nikaagiza chai, nikatazama. Sahani haidanganyi, jamani. Soseji zilirudi zimeng'atwa mara moja. Saladi zilirudi zimechakurwa kama kuku amepita. Lakini sahani za mchuzi wa binzari zilirudi zimepanguswa na mkate! Durban ina Wahindi wengi tangu enzi za mashamba ya miwa, na abiria wengi walikuwa watu wa huko, kwa hiyo mpishi wa mchuzi hangethubutu kuwachezea. Sinia lake lilibadilishwa mara tatu kabla chai yangu haijaisha, maana yake kila anayechota anachota cha moto. Tangu hapo nikawa mtu wa mchuzi, nao walikuwa na pilipili inayojua kazi yake.

Jioni kuna ukumbi wa chini wa kuhudumiwa mezani, umo ndani ya nauli. Niliagiza samaki. Kikaja kipande cheupe, hakina ngozi, hakina mwiba, hakina uso. Nikamwita mhudumu. Wafanyakazi huvaa beji yenye jina na nchi, na ya huyu ilisema Kenya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu samaki wenu, kichwa chake kiko wapi?"

Kijana wa Mombasa alicheka mpaka akaweka jagi chini. Ndiye aliyenifundisha kwamba ukumbini unaweza kuagiza vitangulizi viwili na hakuna anayekutoza, kwamba maji na chai vya bafe ya juu ni bure lakini soda ina bili, na kwamba mikahawa yenye mishumaa hulipiwa pembeni. Usiku wa tatu aliniletea kibakuli cha pilipili kutoka meza ya wafanyakazi. Samaki alikuwa bado hana kichwa, ila tulielewana.

Burudani niliipima kwa kipimo kilekile, nani anaondoka na nani anabaki. Wachekeshaji walimwaga watu nusu ukumbi. Waimbaji wa muziki wa kwenye mashine, robo. Wanasarakasi hakuinuka mtu, maana meli iliyumba wakati mmoja kasimama mabegani mwa mwenzake, akajipinda na wimbi kama tawi, akabaki juu. Kasino nimeiangalia tu. Hufungwa bandarini na kufunguliwa mkishaingia bahari kuu, nami pesa yangu naipotezea nchi kavu. Mchezo wa maswali ndio uliotupa jina. Waliuliza ziwa lenye eneo kubwa kuliko yote Afrika, na meza ya jirani ikaandika Tanganyika! Sisi wanawake wa Kisumu tulipiga vigelegele kabla jibu halijasomwa. Tanganyika ina kina, wapendwa. Zawadi ilikuwa kalamu, ninayo mpaka leo.

Ila siku ya kisiwani ndiyo iliyonimaliza. Kwenye nyama choma ya pale ufukweni, kando ya soseji ndefu za Kiafrika Kusini, kulikuwa na sufuria kubwa. Nikafunua. Papu, yaani ugali mweupe, na chakalaka, mchuzi wao wa mboga wenye pilipili, ya kumwagia juu. Haukusongwa ukaiva sawasawa, mimi ningeupa dakika tano zaidi, lakini ulikuwa ugali, bahari ya Hindi, kwa nauli niliyokwisha kulipa.

Asubuhi ya kushuka nilirudishiwa hita yangu na yule yule kijana. Aliniuliza kwa ishara, akisonga hewani, kama nilipika. Unga nimeurudisha Kisumu ukiwa mzima. Tumeula juzi na omena, na mama wa Kibuye nilimwalika.