Punda kati ya sheria mbili

Anayesimulia historia ya sheria za kulinda wanyama nchini kwetu huanza na tembo, akaendelea na faru, akaishia kwenye hifadhi za taifa. Mimi ninaishi Dodoma, ambako punda ndiye anayebeba madumu ya maji, magunia ya mahindi na kuni, na naona kwamba simulizi hiyo huacha nusu ya habari. Sheria hizi zina asili mbili: moja hujali idadi ya wanyama waliobaki, nyingine hujali maumivu ya mnyama mmoja aliye mbele yako.

Ile ya kwanza ilitufikia mapema. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyowalazimu wawindaji kuwa na vibali, na maeneo mawili yakatengwa kwa ajili ya wanyamapori, moja likiwa upande wa Rufiji. Mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yenye makoloni yalitia saini mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika, ingawa mkataba huohuo uliwaweka simba, chui na mamba katika orodha ya wanyama wa kupunguzwa. Haukuwahi kuanza kutumika, lakini unatuonyesha fikra za wakati ule: mnyama alilindwa kwa kadiri alivyomfaa mwindaji mwenye kibali, na mwenyeji aliyetega mitego kama babu zake akaitwa jangili. Tamko la Arusha la 1961 kuhusu wanyamapori, kisha sheria za uhifadhi za 1974 na 2009, zilibadilisha mwenye mamlaka na madhumuni, lakini kinachoangaliwa kimebaki kundi, si mnyama mmoja mmoja.

Asili ya pili ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu ilianzia kwa wanyama wa kazi. Mwaka 1635 bunge la Ireland lilipiga marufuku kufunga jembe la kulimia kwenye mkia wa farasi na kunyonyoa sufu ya kondoo aliye hai. Huko Uingereza, muswada wa Lord Erskine wa kuzuia ukatili ulikwama mwaka 1809, na ilibidi kusubiri hadi 1822 ndipo Richard Martin, mbunge wa Galway, alipofanikiwa kupitisha sheria iliyowataja farasi, punda, ng'ombe na kondoo, ikiwa na faini isiyozidi pauni 5 au kifungo kisichozidi miezi mitatu. Mahakama zilikataa kuwahesabu mafahali humo, hivyo mchezo wa kuwachokoza kwa mbwa uliendelea hadi sheria ya 1835. Sheria ya Martin ilipopitishwa, London haikuwa hata na jeshi la polisi, ambalo liliundwa mwaka 1829. Chama cha kuzuia ukatili kilichoanzishwa mwaka 1824 kililazimika kuajiri mkaguzi wake na kuwafikisha watu mahakamani chenyewe.

Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, iliyopitishwa na Bunge hapahapa Dodoma. Inamtambua mnyama kuwa ni kiumbe mwenye hisia, inagusa utunzaji, usafirishaji na uchinjaji, na inaweka wakaguzi. Kwa maoni yangu ni sheria nzuri kuliko inavyojulikana. Wafugaji wengi ninaozungumza nao mnadani Msalato wanaijua vizuri kanuni ya kibali cha kusafirisha mifugo, lakini hawajawahi kusikia kwamba kumtwisha mzigo punda mwenye kidonda mgongoni kunaweza kuwa kosa.

Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengeneza dawa ya Kichina, ilidhihirisha tofauti ya asili hizi mbili. Dodoma ilikuwa na machinjio ya punda, na kwa kuwa punda jike hubeba mimba kwa takribani mwaka mzima na kuzaa mtoto mmoja, uzazi haukuweza kwenda sambamba na uchinjaji. Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika walikubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Nilifurahi, ila hoja iliyobeba uamuzi huo ilikuwa zaidi ile ya 1896, yaani hofu ya kupungukiwa. Marufuku hiyo inamwokoa punda na kisu cha mfanyabiashara, lakini haisemi lolote juu ya shogi lililochakaa linalomchubua kila asubuhi akielekea kisimani. Hilo ni la sheria ya 2008, na mkaguzi wake ndiye ninayetamani kumwona Msalato siku ya mnada.