Stata ya Massey Ferguson 135: kumbukumbu ya matengenezo, Januari na Februari 2025

Jumamosi, 11 Januari

Trekta la marehemu baba, Massey Ferguson 135 lenye injini ya Perkins ya silinda tatu, leo limekataa kuwaka kwa mara ya nne ndani ya wiki mbili. Nikigeuza ufunguo, solenoidi (swichi ya sumaku inayoipelekea umeme stata, ile mota ya kuwashia injini) inalia "ta!" mara moja, kisha kimya. Nikirudia mara tano au sita, stata hushika ghafla na injini huwaka kana kwamba hapakuwa na tatizo lolote. Huku Karatu tunatazamia masika kuanzia Machi, na shamba la mahindi na mbaazi bado halijaguswa, kwa hiyo nimeamua kuacha kulisukuma mteremkoni na kuutafuta ugonjwa wenyewe.

Majirani wawili wamenishauri ninunue stata nyingine. Sikukubali, kwa sababu ule mlio wa solenoidi una habari ndani yake: unaonyesha kwamba swichi ya ufunguo inafanya kazi, na pia swichi ya usalama iliyo kwenye gia, ile inayoinyima stata umeme mpaka gia iwe huru. Kama mojawapo ingekuwa imekufa, nisingesikia kitu. Hitilafu basi ilibaki kwenye njia ya umeme mkubwa, yaani betri, nyaya nene, viungo vyake na stata.

Baba mdogo, ambaye ameliendesha trekta hili miaka mingi kuliko mimi, alitaka tugusanishe terminali za solenoidi kwa spana, kama madereva wengi wanavyofanya. Nilimwomba, kwa heshima, tusifanye hivyo. Njia hiyo inairuka swichi ya usalama, na anayeshika spana huwa amesimama mbele ya tairi kubwa la nyuma. Gia ikiwa imeingia, trekta linampanda kabla hajapata nafasi ya kuruka.

Jumapili, 12 Januari

Betri ikiwa imepumzika ilisoma volti 12.6, yaani imejaa. Kipimo hicho peke yake hakitoshi, kwa kuwa waya ulioliwa na kutu hupitisha volti zote vizuri pale ambapo hakuna mzigo, na udhaifu wake huonekana tu stata inapodai umeme mwingi. Kwa hiyo nilivuta kizimio cha dizeli ili injini isiwake, baba mdogo akageuza ufunguo, nami nikapima kila kipande cha njia wakati solenoidi imeshika.

Kwenye nguzo za betri nilipata volti 11.9. Betri haikuporomoka, na hilo lilinifurahisha, maana lilionyesha kwamba stata haipati umeme wa kutosha hata wa kuilemea betri. Kutoka nguzo chanya hadi boliti ya stata zilipotea volti 0.3 tu. Kutoka nguzo hasi hadi bodi ya stata zilipotea volti 6.8! Zaidi ya nusu ya nguvu ilikuwa inaishia kwenye upande wa arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya trekta, na stata ikabaki na volti 4.8, ambazo haziwezi kuisukuma injini ya dizeli yenye mgandamizo mkubwa.

Nilipofungua waya wa arthi nilikuta umefungwa juu ya rangi, kwani trekta lilipopakwa rangi upya miaka kadhaa iliyopita sehemu hiyo haikukwanguliwa. Chini ya kichwa cha waya kulikuwa na kutu ya unga na vumbi letu jekundu. Nilikwangua mpaka chuma kikang'aa, nikaweka waya mpya mnene, nikakaza na kupaka grisi kwa nje. Arthi sasa inapoteza volti 0.2, na injini imewaka mara ya kwanza.

Ijumaa, 17 Januari

Nilidhani kazi imekwisha, lakini tatizo limerudi kwa sura nyingine. Asubuhi trekta linawaka. Mchana, injini ikiwa ya moto, stata inazunguka kwa uzito mkubwa hadi inakwama. Vipimo vya leo ni kinyume cha vile vya kwanza: arthi ni nzima, waya chanya ni mzima, lakini betri yenyewe inaporomoka hadi volti 8.1. Betri niliijaribu kwenye lori la jirani na ikafanya kazi bila shida. Maana yake stata inakula umeme kupita kiasi, kwa sababu kuna kitu ndani kinaizuia.

Jumatatu, 20 Januari

Stata imefunguliwa kwa fundi umeme mjini, nami nikiwa pembeni yake. Bushi (pete inayoshikilia ekseli) ya upande wa pinioni, ile gia ndogo ya stata inayozungusha injini, imelika ikawa na umbo la yai, hivyo amecha, yaani sehemu ya ndani inayozunguka, imekuwa ikiinama na kukwaruza vyuma vya koili. Alama za msuguano zinang'aa upande mmoja. Joto likiongezeka, nafasi hiyo ndogo inazidi kubana. Brashi za kaboni, zinazoipelekea amecha umeme, nazo zimebaki fupi sana.

Fundi huyu anaijua kazi yake. Komyuteta, yaani pete ya vipande vya shaba inayoguswa na brashi, aliisafisha kwa msasa laini wa kawaida na kuukataa ule wa chuma, ambao chembe zake hunasa kati ya vipande vya shaba na kuharibu brashi mpya. Bushi za shaba aliziloweka kwenye oili ya injini usiku kucha kabla ya kuzipachika, kwa kuwa zina vitundu vinavyonyonya oili na kujilainisha zenyewe.

Jumamosi, 1 Februari

Kabla ya kurudisha stata nilizungusha injini kwa mkono na kukagua meno ya flaiwili, yaani ringi yenye meno kwenye gurudumu zito la injini, ambayo pinioni huishika. Injini ya silinda tatu husimama karibu na sehemu zilezile tatu kila inapozimwa, kwa hiyo pinioni hugonga meno yaleyale. Sehemu mbili ni nzuri. Ya tatu imelika ncha, ila bado inashika. Kubadilisha ringi hiyo kunahitaji kulipasua trekta katikati, yaani kutenganisha injini na gia, kazi ambayo nitaifanya baada ya mavuno.

Leo asubuhi, kukiwa na baridi na ukungu, betri imeshuka hadi volti 10.4 tu wakati wa kupiga stata. Saa saba mchana, baada ya kulima tangu saa mbili, nilizima, nikasubiri dakika kumi na kuwasha tena: volti 10.5, na injini ikashika papo hapo. Ekari moja na nusu imekwisha kulimwa.