Maji yaende wapi: kutoka njia ya reli Pennsylvania mpaka kinjia chetu cha Iyunga

Habari wadau, naandika nikiwa nyumbani Mbeya, hapa Iyunga, nimekaa barazani kwa mama, mvua ya kwanza ya maana ilipiga juzi Ijumaa jioni na udongo bado unanukia. Niko likizo ya wiki nne. Kila anayekuja kunisalimia ananiuliza Jumamosi kule Marekani huwa nafanya nini, nikimwambia naondoa majani na kuzibua mitaro kwenye njia iliyokuwa reli zamani, tena bila malipo, ananiangalia tu. Mama mdogo akaniuliza, "Yaani umevuka bahari kwenda kufanya msaragambo?" Ndiyo mama mdogo, ni msaragambo kabisa, na kwa vile jana wageni walikuwa wengi sikumaliza kueleza, acha niandike hapa kwa kituo.

Mi naishi McKeesport, mji mdogo jirani na Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti za usiku. Mwaka wa kwanza upweke ulinishika vibaya sana, unatoka kazini saa moja asubuhi hakuna wa kumsalimia, kila mtu yuko ndani ya gari lake. Sasa kuna njia inapita kando ya mto Youghiogheny (wenyeji wanafupisha wanaita Yok), njia inaitwa Great Allegheny Passage, nikawa natembea pale kabla ya kwenda kulala. Kumbe pale watu wanasalimiana! Mwenye baiskeli anapunguza mwendo anakutakia asubuhi njema, wazee wanasimama kabisa wanakuuliza umetoka wapi, na mi mtu wa Mbeya ukinisalimia vizuri tu tayari umenipata. Siku moja nikakuta watu kama kumi na viatu vya mvua na mareki, nikauliza kuna nini, wakanipa glovu. Huu ni mwaka wa nne sasa.

Njia yenyewe ina kilomita kama 240, kutoka Pittsburgh mpaka Cumberland kule jimbo la Maryland, na ukifika Cumberland unaunganisha na njia nyingine ya kando ya mfereji wa zamani wa mashua unakwenda mpaka Washington. Treni zilipoacha kupita waling'oa chuma na mataruma, likabaki tuta, na tuta la reli nyie watu wa Iyunga mnalijua, halina mlima mkali kwa sababu treni haipandi kilima kama bodaboda, kwa hiyo hata bibi wa miaka sabini na tano anaendesha baiskeli siku nzima. Juu wamemwaga mawe ya chokaa yaliyosagwa laini, yakishindiliwa yanakuwa kama moramu nzuri. Magari na pikipiki marufuku.

Kipande cha mashariki kilikuwa cha kampuni ya reli ya Western Maryland, kilifungwa mwaka 1975. Nilipousoma huo mwaka kwenye kibao nilisimama pale muda mrefu, maana 1975 ndo mwaka kazi ya kulaza reli yetu ya TAZARA ilipokamilika, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Marehemu baba alikuwa kijana wakati huo, alikuwa anatusimulia jinsi watu walivyotoka vijijini kuja kuangalia tu Wachina na vijana wetu wakipanga mataruma. Wao wanafunga yao, sisi tunamaliza kulaza yetu, mwaka mmoja.

Na naomba nisieleweke vibaya, sitaki TAZARA igeuzwe njia ya baiskeli, hapana, ile reli bado ina kazi na mi nataka kuisikia ikipiga honi usiku mpaka nazeeka. Hata Marekani wenyewe wana sheria ya mwaka 1983 inayoruhusu tuta lililoachwa litumike kama njia ya watu huku likiwa bado limehifadhiwa kwa ajili ya reli, ili siku treni ikihitajika irudi. Hiyo niliipenda sana. Njia ya reli ukishaiachia vipandevipande, huyu kajenga banda, yule kalima mahindi, kuja kuiunganisha tena ni kazi ya kizazi kizima.

Sasa kazi yenyewe. Watu wanadhani kutunza njia ni kufyeka na kupaka rangi mabenchi. Hayo yapo, na miti ikianguka baada ya upepo kuna wenzetu waliosomea chensoo wanakuja kukata, sisi wengine tunabeba magogo. Kuna mmea mmoja kutoka Japani umevamia kingo zote za mto, shina lake lina vifundo kama mwanzi, ukiukata ukadondosha hata kipande kidogo kinaota, kwa hiyo vipande tunaokota kimoja kimoja. Lakini adui mkubwa ni maji. Oktoba majani yanadondoka yote kwa mpigo, yanaziba mtaro, mtaro ukiziba maji yanapanda juu ya njia, yanachukua yale mawe laini yanabaki makorongo, halafu baridi ikija maji yaliyoingia ndani yanaganda na kuvimba, mwezi wa tatu unakuta njia imepasukapasuka. Ndo maana njia inatakiwa iwe na mgongo kidogo katikati, maji yashuke pembeni, na mtaro uyapeleke kwenye kalavati yapite chini kwenda mtoni.

Siku yangu ya pili nilipewa chepeo na kipande cha mtaro kama hatua ishirini. Nikavuta kamba, nikachimba kwa nguvu zote, kingo zimenyooka, nikaona nimemaliza. Akaja mzee mmoja mstaafu na ndoo ya maji ya mtoni, hakusema kitu, akamwaga mwanzoni mwa mtaro tukasimama tunaangalia. Maji yakaenda hatua kama nane yakasimama, yakazunguka na vijani vyake, halafu taratibu yakaanza kuegemea upande wa njia. Akachuchumaa, akagusa kwa kidole pale yaliposimama, akaniambia hapa umechimba chini sana na pale mbele umeacha juu, fuata maji usifuate kamba. Tukarudia mpaka ndoo ya nne. Huyo mzee mi kwangu ni babu, ingawa kule wanaitana majina tu.

Tukimaliza kila mtu anaandika masaa yake kwenye fomu. Mwanzoni sikuelewa kwa nini, kama hatulipwi masaa ya nini? Kumbe chama kinachotunza njia kikienda kuomba ruzuku, yale masaa ya watu wa kujitolea yanaweza kuhesabiwa kama mchango wa chama. Jasho linaandikwa kwenye karatasi linageuka kokoto na kalavati jipya. Hili jambo viongozi wetu wa mitaa wangeliangalia.

Mwezi wa tisa tulikwenda na baiskeli mpaka sehemu ya juu kabisa ya njia, karibu na handaki la Big Savage lenye urefu wa kilomita moja hivi, ambalo wakati wa baridi linafungwa kwa milango ili barafu isiliharibu. Pale juu ni mita 729 tu, Mbeya tuko kama mita 1,700. Ila kilichonigusa ni kibao kinachoeleza kwamba mvua ikinyesha upande huu inakwenda bahari ya Atlantiki, upande ule inakwenda mpaka Ghuba ya Meksiko. Nikawaambia wenzangu kwetu ni hivyo hivyo, mvua ya Mbeya nyingine inashuka Usangu inaingia Ruaha Mkuu mpaka Rufiji, nyingine inakwenda ziwa Rukwa, na ya upande wa Rungwe inakwenda ziwa Nyasa. Walinisikiliza kwa makini kweli, wakataka niwachoree, nikachora chini kwenye vumbi kwa kijiti.

Basi, juzi Ijumaa mvua imepiga hapa, na kinjia cha kutoka kwetu kushuka barabarani, ambacho watoto wa shule ya msingi wote wanapita, kimekatwa ufa unaofika magotini. Kalavati lipo, liliwekwa mwaka juzi, lakini mdomo wake uko juu kuliko sakafu ya mtaro, maji yanafika pale yanajaa yanaruka juu ya njia. Jana ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, nikamwendea mwenyekiti wa mtaa asubuhi, shikamoo mzee, nikamweleza, akapiga filimbi. Tulikuja kumi na moja, majembe matatu, machepeo mawili na toroli la kuazima kwa fundi.

Wengine walitaka tuchimbe mtaro zaidi. Nikasema naomba kwanza ndoo. Mama akaleta ile yake nyekundu ya kuchotea maji, nikamwaga, wote wakaona maji yanasimama chini ya mdomo wa kalavati. Hapo hakuna aliyebishana tena. Kulishusha kalavati kunahitaji mashine na hilo mwenyekiti amesema analipeleka kwa mtendaji, kwa hiyo sisi tukapanga mawe chini, tukamwaga moramu juu, tukashindilia kwa kigogo, tukainua sakafu kidogokidogo kutoka hatua kumi na tano nyuma, kingo bado zina kina cha kutosha. Ndoo ya pili ilisimama karibu na mdomo. Ndoo ya tatu ikaingia. Ikatokea upande wa pili na matope, majani ya mgomba na kandambili moja ya mtoto, na yule mama jirani mwenye shamba la mahindi pale chini akasema ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaenda kuleta chai.

Ule ufa wenyewe bado hatujaujaza, moramu iliisha. Sasa hivi mawingu yamekaa upande wa mlima Loleza, na mwenyekiti amepita hapa kuuliza kama ile ndoo bado iko kwetu.